Dar es Salaam hadi Dubai: hesabu saa kabla ya kilomita

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, na ndege isiyotua njiani hutumia muda wa saa tano na nusu hivi. Kwa kuwa mimi husafiri njia hiyo kufuata bidhaa, huulizwa mara kwa mara kama inafaa kununua tiketi ya bei nafuu inayopitia Addis Ababa.

Kwenye ramani, kupitia Addis Ababa kunaonekana si kitu. Ukijumlisha vipande viwili vya safari unapata takriban kilomita 4,300, yaani ziada ya kilomita 300 tu. Kinachokula muda ni kushuka, kukaguliwa upya na kusubiri, maana ndege hupaa na kutua mara mbili, na hapo katikati unaweza kukaa saa mbili au hata usiku kucha. Kwa hiyo, kabla ya kufurahia bei, tazama muda wote wa safari, tangu kuondoka hadi kufika.

Nawasihi pia wasafiri wasiunganishe safari kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi Addis Ababa nyuma ya mama mmoja mfanyabiashara, ambaye kila dakika alinyanyua macho kutazama ubao wa safari, hadi ndege yake ikaandikwa kwamba lango limefungwa. Tiketi yake ya pili ilikuwa ya peke yake, hivyo ilimbidi anunue nyingine. Safari yote ikiwa katika tiketi moja, kwa kawaida shirika lililochelewa ndilo linalowajibika kukutafutia ndege nyingine.

Jambo jingine ni tofauti ya saa. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, na kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Ukiondoka Dar es Salaam saa 17:00 na kutua saa 23:30, usidhani umekaa angani saa sita na nusu. Ni tano na nusu. Wakati wa kurudi, safari hiyohiyo itaonekana kuwa ya saa nne na nusu, na anayekuja kukupokea asipoambiwa hivyo atakosea hesabu zake.

Linaloumiza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni ndege za baada ya saa sita za usiku. Tiketi iliyoandikwa tarehe 12, saa 00:30, ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo unatakiwa uwe uwanjani tarehe 11, ikifika saa tatu na nusu usiku. Dereva wa teksi mwambie tarehe 11, na hotelini lipia hadi tarehe hiyo.