Draiva tano za RS-485 kwenye laini moja: mbona chipu zinachemka?

Swali: Assalamu alaykum, fundi. Nimefunga vipimo vya maji kwenye matangi matano ya hoteli hapa Paje. Kila tangi lina moduli ya MAX485 (chipu yenye draiva ya kutuma na kipokezi, kwa kiwango cha RS-485 cha kupitisha data kwa waya mbili, A na B), zote sambamba, A kwa A na B kwa B, mpaka mapokezi. Ikiwaka moja, nasoma vizuri. Zikiwaka zote napata takataka tu, na chipu haishikiki kwa moto. Pini ya DE (inayoiwasha draiva ili itume) nimeiunga moja kwa moja kwenye volti 5. Ninunue chipu nyengine?

Jibu: Waalaykumu salaam. Usinunue kitu, ugonjwa umeshautaja mwenyewe: ni hiyo DE. Ikiwa juu muda wote, draiva haiiachii laini hata ikiwa haina la kusema. Moja inaipandisha A, nyengine inaishusha, na mkondo unapita baina yao. Kiwango cha RS-485 kinaruhusu draiva ifike hadi miliampea 250 katika hali hiyo, wakati kazi ya kawaida haihitaji hata 40. Ndiyo huo moto.

Kila DE iunge kwenye pini ya mikrokontrola (kompyuta ndogo ya tangi hilo), na ianze chini. Bodi ya mapokezi iite tangi moja moja kwa namba, na lililoitwa tu ndilo lipandishe DE, lijibu, liishushe. Hapo kwenye kuishusha ndipo wengi tunapokwama (mimi ilinila siku mbili). Programu huona imemaliza kutuma, kumbe baiti ya mwisho bado inatoka. Kwa kasi ya 9600 baiti moja huchukua kama milisekunde 1. Ukiwahi, unaikata mkia. Kama mikrokontrola yako ni Arduino, ita Serial.flush() kwanza, nayo itasubiri baiti zote zitoke.

Halafu rezista. Moduli hizi za bei rahisi mara nyingi huja na rezista ya omu 120 ya kufungia ncha ya laini, imeshachomelewa baina ya A na B. Tano sambamba ni omu 24, mzigo mkubwa mno kwa draiva. Bakisha mbili za ncha za waya, za kati zing'oe. Na kwa kuwa sasa kutakuwa na nyakati laini haina msemaji, tia rezista ya omu 680 kutoka A kwenda volti 5 na nyengine kutoka B kwenda ardhi, upande wa mapokezi tu, ili kipokezi kisisome upepo.

Kabla ya kuwasha, na kabla ya kutia hizo za 680, pima baina ya A na B kwa mita: inatakiwa isome karibu na omu 60. Ikikuonesha 120, ncha moja haijashika. Kwa chumvi ya pwani yetu, anza kukagua skrubu za tominali.