Hesabu za insulini: majibu ya maswali yenu

Mifano yote ni ya mtu mwenye kisukari aina ya 1 anayechoma jumla ya yuniti 40 kwa siku, na chakula anakichomea insulini ya haraka. Weka namba zako, kisha mwoneshe daktari wako kabla ya kubadili dozi.

Kabla ya kula sukari yangu ni 14 mmol/L. Nichome ngapi nishuke hadi 7?

Gawa 100 kwa yuniti zako za siku: 100 ÷ 40 = 2.5. Yuniti moja itashusha takriban 2.5 mmol/L, hivyo kushuka 7 kunahitaji 2.8. Choma 2. Hata glukomita (kipima sukari) nzuri inaruhusiwa kupotoka asilimia 15, kwa hiyo 14 yako huenda ni 12, na 12 inahitaji 2 tu.

Nilichoma 6 nikala. Baada ya saa mbili nina 13. Nirudie?

Usirudie, tafadhali. Kurundika dozi ndiko kunakoangusha watu. Insulini ya haraka hufanya kazi kama saa 4, hivyo chukulia nusu bado imo mwilini: yuniti 3, zenye uwezo wa kushusha 7.5. Chakula kilichobaki tumboni kitakula sehemu yake, lakini ukiongeza 3 nyingine unaweza kushuka chini ya 3.9, yaani sukari ya chini mno. Pima tena saa ya nne. Kwa insulini ya kawaida, ile ya kuchoma nusu saa kabla ya kula, ngoja saa 6 hadi 8.

Modeli ya kihisabati ya watafiti Richard Bergman na Claudio Cobelli ya 1979 inaeleza jambo hili vizuri: nguvu ya insulini ina mlinganyo wake, tofauti na kiwango cha insulini kwenye damu, na nguvu hiyo huja kwa kuchelewa. Ndiyo maana sukari huendelea kushuka hata insulini ikiwa imeanza kupungua.

Ugali nauhesabuje?

Pima unga mkavu. Maji hayana wanga. Unga wa mahindi gramu 400 una wanga kama gramu 300. Pima ugali ulioiva: ukiwa gramu 1,200 na wewe umekula 300, umekula robo, yaani wanga gramu 75. Gawa 500 kwa yuniti zako za siku, 40, upate 12.5: hizo ndizo gramu za wanga zinazohitaji yuniti moja. 75 ÷ 12.5 = yuniti 6.

Mbona naamka na sukari juu?

Pima saa 9 usiku, siku tatu. Ikiwa sawa kisha ikapanda alfajiri, ni homoni za kuamka. Ikiwa juu tangu ulale, dozi ya usiku haitoshi, au chakula cha jioni hakikuhesabiwa sawasawa.