Maswali ya Wasomaji: Umeme Umekatika kwa Namna Gani?

SWALI: Mara tunaambiwa ni mgao, mara katizo la matengenezo, mara hitilafu ya gridi. Kwetu giza ni lile lile. Tofauti yake ni nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ukijua ni lipi, utajua usubiri kwa kiasi gani. Katizo la matengenezo hutangazwa mapema. Mafundi huzima laini moja wakate matawi ya miti au wabadili nguzo, na umeme hurudi wakishamaliza. Mgao nao ni uamuzi: umeme unaozalishwa hautoshi, kwa hiyo maeneo huzimwa kwa zamu. Ndiyo maana mtaa wenu huwa gizani na wa pili unawaka.

Hitilafu ya gridi haipangwi na mtu. Gridi yetu huendeshwa kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, iliyobaki huelemewa na mizunguko hushuka. Vifaa vya ulinzi hukata laini kadhaa vyenyewe ili kupunguza mzigo. Visipofua dafu, mitambo mingine nayo hujitoa isije ikaharibika, hadi nchi nzima inazimika. Yaliikuta Kenya tarehe 7 Juni 2016: tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma, mitambo mingine ya hapo ikaelemewa, zikapotea zaidi ya megawati 180 na stima ikapotea nchi nzima. (Tumbili alipona.)

Kuwasha upya huchukua saa nyingi kwa sababu kituo chenyewe huhitaji umeme wa kuanzia. Mara nyingi huanza mitambo ya maji, ambayo huweza kuamshwa kwa jenereta ndogo au betri, kisha laini huunganishwa moja moja. Mji mzima ukiunganishwa kwa mkupuo, friji na pampu zote hudai umeme kwa pamoja na gridi huanguka tena.

SWALI: Jioni moja taa zetu ziliwaka kwa nguvu isiyo ya kawaida, na televisheni ikaungua. Wakati huo huo kwa jirani taa zilififia. Kulikuwa na nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hizo ni dalili za nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyokatika au kulegea kwenye laini ya mtaa. Tunaomba kila mwenye nyumba azikariri, maana watu wengi hudhani umeme "unacheza" tu, wakakaa kusubiri utulie.

Laini ya mtaa huwa na nyaya tatu za fezi, zinazoleta umeme, na nyutro moja. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi moja na nyingine, volti 400. Nyutro ikiwa nzima kila nyumba hupata 230 zake. Ikikatika, umeme hurudi kwa kupitia nyumba zilizo kwenye fezi nyingine, na zile 400 hugawanywa baina ya nyumba hizo, tena bila usawa. Aliyewasha jiko la umeme na pasi hupata chache. Aliyewasha taa mbili na televisheni hubebeshwa nyingi, hata zaidi ya 300, na vyake ndivyo vinavyoungua.

Ukiona hivyo, zima meini swichi kwanza, kabla ya kuanza kuchomoa kimoja kimoja. Kisha wapigie kelele majirani nao wazime, ndipo upige simu ya dharura ya shirika la umeme. Usitegemee sakiti breka: yenyewe hupima wingi wa mkondo, haipimi volti. Kinachosaidia ni kifaa cha kukata umeme volti zikizidi au zikipungua, ambacho fundi hukifunga karibu na meini swichi. Mwambie akiweke kikate zikishuka chini ya 180 au zikipita 260, na kisirudishe umeme mpaka zipite dakika chache.

Ikiwa nyutro imekatika kwenye waya unaoingia nyumbani kwako tu, kila kitu huzimika, lakini fezi bado imo. Taa ikiwa imeachwa kwenye swichi, tesita itawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Kwa hiyo taa kutowaka si ruhusa ya kufungua soketi.

SWALI: Umeme mdogo unaharibu friji? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Ndiyo, kuliko giza lenyewe. Jiko la koili la wati 1,000 likipata volti 180 badala ya 230 hutoa wati 610 hivi, na kazi yake huwa ni kuchelewesha ugali. Kompresa ya friji ni mota: volti zikipungua hushindwa kuzunguka inavyotakiwa, huvuta mkondo mwingi na kupata moto. Izime. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, subiri dakika 5 ndipo uiwashe. Gesi huwa bado ina msukumo mkubwa upande mmoja, na kompresa ikilazimishwa kuanza hapo hukwama. Friji gadi nzuri hukusubiria yenyewe.

Chakula: friji isiyofunguliwa huhifadhi kwa saa 4 hivi, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

SWALI: Naweza kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hapana, hata kwa usiku mmoja. Umeme wako utatoka hadi nguzoni, uingie transfoma kinyumenyume na kupandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000 kwenye laini ambayo fundi anaishika akiamini imezimwa. Gridi ikirudi, jenereta yenyewe nayo itaungua au kushika moto. Funga swichi ya kubadilishia, ile yenye mkao wa gridi, wa kuzima na wa jenereta, isiyoweza kuunganisha viwili kwa pamoja. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirishani, moshi ukielekea mbali na nyumba. Moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini.