Maswali na Majibu: Nani Hulipia Jubilei ya Kifalme Mjini?

Tangu Malkia Elizabeth II alipoadhimisha miaka 70 ya utawala wake mwaka 2022, wasomaji walioko Uingereza na wengine wa Afrika Mashariki wameendelea kuuliza jinsi halmashauri za miji zinavyopanga na kugharimia sherehe za namna hiyo. Yafuatayo ni maswali yaliyojirudia zaidi.

Swali, kutoka Leicester: Ni nani anayeamua kwamba jiji lisherehekee, na fedha hutoka fungu gani?

Jibu: Serikali kuu hutangaza tarehe na siku za mapumziko, lakini hailazimishi halmashauri yoyote kutumia hata peni moja. Kwa England na Wales, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972 inazipa halmashauri ruhusa ya kugharimia burudani za wakazi, bila kuzifanya kuwa wajibu. Uamuzi, basi, ni wa madiwani. Maofisa huandaa taarifa, nayo hupelekwa kwenye kamati husika ijadiliwe na kupigiwa kura, na kwa kawaida huwekwa wazi kwa umma angalau siku tano kabla ya kikao. Nawasihi wasomaji waitafute na kuisoma, kwa sababu humo ndimo yanamoonekana mafungu ambayo hakuna anayeyapigia makofi: uzio wa kuzuia msongamano, vyoo vya muda, wahudumu wa huduma ya kwanza, walinzi, alama za kufunga barabara, na malipo ya saa za ziada kwa wafagiaji wanaoanza kazi watu wakishatawanyika.

Jambo linalosahaulika ni kalenda. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Aprili 1, na bajeti hupitishwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Sherehe za mwaka 2022 zilifanyika kuanzia Juni 2 hadi 5, hivyo halmashauri ambayo haikuwa imetenga fungu mapema ilibaki kuchota akiba au kutegemea fedha za nje. Fedha hizo zilikuwapo: Hazina ilitenga pauni milioni 28 kwa shughuli za kitaifa, na Bahati Nasibu ya Taifa ilitoa zaidi ya milioni 22, zikiwamo milioni 5 zilizosimamiwa na Baraza la Sanaa la England kwa ajili ya vikundi vya jamii. Hata hivyo ruzuku huombwa kwa fomu, kwa makadirio ya gharama na kwa tarehe ya mwisho, na kikundi cha mtaani kisicho na mtu wa kukisaidia huachwa nyuma. Kazi muhimu kuliko zote ambayo halmashauri inaweza kuifanya, kwa maoni yangu, ni kumweka ofisa mmoja wa kuvisaidia vikundi kama hivyo kujaza fomu.

Swali, kutoka Nairobi: Malkia alianza kutawala Februari. Kwa nini sherehe zilifanyika Juni?

Jibu: Februari 6, 1952 ndiyo siku aliyofariki baba yake, Mfalme George VI, wakati Elizabeth mwenyewe akiwa Kenya, katika eneo la Nyeri. Ni siku ya msiba kabla ya kuwa siku ya furaha. Zaidi ya hayo, Februari nchini Uingereza ni baridi na jua huzama mapema, ilhali Juni mchana ni mrefu, na ndio mwezi aliotawazwa mwaka 1953.

Swali, kutoka Birmingham: Je, ni haki halmashauri yenye madeni kutumia fedha kwa sherehe za mfalme?

Jibu: Halmashauri ya kwenu ilitoa notisi ya kifungu cha 114 mnamo Septemba 2023, yaani ilikiri rasmi kwamba mapato yake hayatoshi matumizi yake. Notisi hiyo ikishatolewa, matumizi mapya husimama, isipokuwa yale yanayolazimishwa na sheria, kama vile kuwalinda watoto na kuwahudumia wazee. Katika hali hiyo jibu ni hapana, na sioni la kujadili. Lakini siafikiani na wanaosema kwamba kila sherehe ya umma ni ubadhirifu. Mji ambao watu wake hawakutani isipokuwa kwenye foleni una upungufu wake pia, na halmashauri yaweza kuwakutanisha kwa gharama ndogo: ifute ada ya kufunga mitaa, ifungue bustani zake, iazime meza na viti. Ninachokipinga ni jukwaa kubwa la siku moja katikati ya jiji, huku maktaba za pembezoni zikipunguziwa saa.

Swali, kutoka Unguja: Je, sisi tuliwahi kuwa na jubilei za namna hii?

Jibu: Tulikuwa nazo, na alama zake mnazipita kila siku. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya fedha ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti tangu 1911, na kwa muda mrefu iliitwa Bustani ya Jubilei. Ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009, na kila jioni wenyeji na wageni bado hukaa pale wakila pweza na mishikaki.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye Barabara ya Mizingani, lipo jengo la Zahanati ya Zamani lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1887, kwa heshima ya jubilei ya dhahabu ya Malkia Victoria, na mfanyabiashara tajiri Tharia Topan, ambaye alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Yeye alitoa mali yake mwenyewe, na hilo ni tofauti na halmashauri inayotumia kodi ya watu. Lakini kipimo cha matumizi ni kilekile: baada ya fataki kuzimika, mkazi wa kawaida amebaki na nini? Kwa kipimo hicho, miti iliyopandwa kote Uingereza kwa ajili ya jubilei ya 2022, ambayo ilizidi milioni tatu, ilikuwa matumizi mema kuliko tamasha lolote.

Swali, kutoka Milton Keynes: Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji katika jubilei hiyo. Je, tuliongezewa fedha?

Jibu: Hapana. Hadhi hiyo ni heshima tu, na mliipata baada ya kuikosa mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2002 na 2012. Mamlaka na mapato ya halmashauri yalibaki vilevile.

Swali, kutoka Reading: Tukitaka kufunga mtaa wetu kwa sherehe ijayo, tuanzie wapi?

Jibu: Anzieni kwa majirani, kwa sababu halmashauri itataka kujua kama wamearifiwa. Kisha pelekeni maombi mapema; nyingi hutaka taarifa ya wiki 4 hadi 12, na mpaka leo nyingi hutoa kibali kwa kutumia sheria ya mwaka 1847. Pangeni meza kwa mstari mmoja, upande mmoja wa barabara, ili gari la wagonjwa liweze kupita bila kusubiri watu wabebe meza. Vinywaji vyenye kileo mkivigawa bure hamhitaji leseni, lakini mkiviuza mtahitaji notisi ya shughuli ya muda, ambayo ada yake ni pauni 21, na ambayo huwasilishwa angalau siku 10 za kazi kabla. Bima haidaiwi na serikali kuu kwa sherehe ya wakazi peke yao, ila baadhi ya halmashauri huiomba, kwa hiyo ulizeni kabla hamjachangishana.