Besi anamrukia chura wa plastiki lakini hanasi: shida iko wapi?

SWALI: Habari mwalimu. Mimi ni mwendesha boti hapa Naivasha, upande wa Karagita. Mgeni mmoja aliniachia chambo bandia, vyura wawili wa plastiki laini, wale walio wazi ndani na wenye ndoano mbili mgongoni, pamoja na fimbo nyepesi ya futi 6 yenye uzi wa nailoni wa paundi 12 (kiasi unachohimili kabla ya kukatika). Asubuhi nikiwarusha kando ya magugu maji, samaki aina ya besi wanawarukia kwa kishindo hadi maji yanatapakaa. Nikivuta, chura anarudi mtupu. Katika mara tano nampata labda mmoja, na huyo naye hukata uzi kabla sijamfikisha botini. Tena nikisharusha kwa muda, chura anaanza kuzama. Je, nimwongezee ndoano ya tatu kwa nyuma? Au vyura hawa ni wa maji ya Marekani tu?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo ndoano ya tatu iache kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, samaki unao na chambo kinawavutia. Kinachokuangusha zaidi ni uzi, kisha mkono wako.

Mchukue chura mmoja umweke kiganjani, tumbo chini. Utaona shina la ndoano limepita ndani ya mwili kutoka puani na kutokea nyuma, na ncha mbili zimelala zikibana mgongo. Ndiyo sababu hanasi majani anapoburutwa juu yake. Sasa mbonyeze kwa vidole viwili, juu na chini. Mpira unabonyea, ncha zinabaki wazi. Hicho ndicho kinachotakiwa kutokea ndani ya mdomo wa besi: afumbe, mpira ubonyee, halafu wewe uvute kwa nguvu ya kuzipitisha ncha hizo kwenye mdomo mgumu. Ndoano zenyewe ni nene, haziingii kwa kuguswa tu kama zile ndogo za tilapia.

Nailoni hunyumbuka. Ukiwa umerusha mita 25, mvuto wako wa kwanza unaishia kwenye uzi, na kinachomfikia samaki ni kumtekenya. Anatema. Na siku ndoano ikiingia, anageuza kichwa na kujichimbia kwenye mizizi ya magugu maji; uzi unasuguliwa na mashina mpaka unakatika. Ndio huyo unayempoteza kabla ya kumfikisha botini.

Tafuta uzi wa kusuka, ambao haunyumbuki, wa paundi 50 au 65. Utaambiwa ni mzito mno kwa ziwa ambalo besi wake wengi si wakubwa, lakini samaki ni sehemu ndogo tu ya mzigo. Utamvuta pamoja na kifurushi cha majani ambacho huenda kikamzidi yeye mwenyewe uzito. Ufunge moja kwa moja kwenye pete ya pua ya chura, bila kuunga kipande cha nailoni katikati. Fundo ninalolitumia mimi ni la palomari: kunja uzi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye pete, funga fundo la kawaida bila kulikaza, kisha mpitishe chura mzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kaza. Kitanzi kiwe kirefu, maana chura ana kiwiliwili.

Fimbo inayofaa ni ya futi 7 hadi 7 na nusu, ngumu, inayopinda nchani tu. Ya mgeni wako ni nzuri kwa kazi nyingine. Kama pesa ya fimbo bado, weka kwenye hiyo uliyo nayo uzi wa kusuka wa paundi 30, uvulie kwenye kingo zilizo wazi tu, na uvute kwa kufagia pembeni. Ukiikwapua kwenda juu na uzi usionyumbuka, fimbo nyepesi itakuachia kipande mkononi.

Sasa mkono. Besi hakimbilii kung'ata. Hufungua mdomo na mashavu kwa ghafla, maji yanaingia kwa kasi na kukiburuta kila kilicho mbele yake. Kwenye maji wazi hilo linampeleka chura hadi kooni mara moja. Juu ya majani mambo ni tofauti: jani linamshikilia chura, na ule mlipuko unaouona ni samaki anayetoboa kutoka chini akimtafuta. Mara nyingi, maji yanaporuka, chura bado yuko juu ya jani au ameshikwa kwa midomo tu. Wewe umeona maji yameruka, moyo nao umeruka, mkono umeshavuta. Umemnyang'anya.

Wengi hushauri mtu ahesabu moja, mbili, ndipo avute. Mimi siupendi ushauri huo. Yuko besi anayemeza papo hapo na kutema kabla hujafika mbili, na yuko anayerudi mara ya pili baada ya kukosa. Fuata uzito. Unaporusha, ncha ya fimbo ielekee chini, uzi uwe umelegea kidogo, na chura umtikise kwa kifundo cha mkono tu. Akirukiwa, usiinue chochote. Elekeza fimbo kwa samaki, zungusha rili (gurudumu la kukunjia uzi) ukusanye ulegevu, na usikilize. Uzi ukikaza au ukianza kutembea pembeni, hapo piga kwa mikono miwili, fimbo ipande hadi usawa wa sikio, na usiache kuzungusha. Sekunde zile za kwanza ndizo za kukitoa kichwa chake juu ya majani. Besi aliyelala juu ya magugu huteleza kuja kwako. Aliyepiga mbizi usishindane naye kwa nguvu. Acha uzi umekaza, umfuate na boti kama mahali ni salama.

Ukiona maji yameruka na uzito haukuja, usimrudishe chura haraka. Mwache palepale kwenye tundu, mtikise mara moja, subiri. Wengi hurudi. Kwenye maji wazi punguza subira, kwa sababu pale chura akitoweka ndiyo ameshaingia mdomoni.

Kuna kazi ndogo ya koleo ambayo wenye viwanda hawakufanyii. Shika kila ncha ya ndoano uifungue kwenda nje kidogo sana, milimita moja au mbili, ili isilale kabisa mgongoni. Ukizidisha utavuna magugu badala ya besi. Noa ncha kwa tupa ndogo mpaka ikwaruze ukucha bila kuteleza. Ile miguu ya nyuzi za mpira ikiwa mirefu, samaki mdogo huishika kwa nyuma na wewe unadhani ni besi aliyekosa. Ipunguze, na mguu mmoja uwe mfupi kuliko mwenzake, chura atayumba kushoto na kulia vizuri zaidi.

Hapo utaona kwa nini ndoano ya tatu haisaidii. Itaning'inia nyuma, nje ya kinga ya mwili, na kila ukirusha utarudi na shada la majani. Chambo hiki kilibuniwa ili kipite mahali ambapo ndoano nyingine haipiti. Ukimfunga ndoano ya nje umemnyima kazi yake.

Kuzama kunatokana na maji yanayoingia kwenye tundu la puani na pale shina linapotokea nyuma. Baada ya kurusha mara kadhaa mgeuze, mbonyeze, maji yatachuruzika nyuma. Akijaa upesi sana, mzamishe kwenye kikombe cha maji ukimbonyeza uone mapovu yanatokea wapi. Kama ni puani, paka silikoni kidogo kuzunguka shina, acha ikauke usiku mzima. Nyuma usiguse na gundi, kwa sababu mwili unatakiwa uteleze huru kwenye ndoano samaki anapobana. Aliyetobolewa na meno ya koleo au mwiba, mzibe kwa gundi ya mpira. (Vyura wengine wa plastiki hawako wazi ndani, ni nyama tupu na miguu inayopigapiga maji. Hao huzama ukisimama, na ndivyo walivyokusudiwa. Usiwachanganye.)

Kuhusu Marekani. Chura huyu ni wa huko kweli, na besi naye ni wa huko: aliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kwa hiyo samaki anamjua chambo. Kinachotofautiana ni majani. Ushauri mwingi unaousoma umeandikwa kwa ajili ya maziwa kama Guntersville la Alabama, ambako majani ya chini ya maji hukua hadi juu na kutandaza zulia bapa, chura anatembea juu yake bila shida. Magugu maji yaliyoingia Naivasha mwaka 1988 hayako hivyo. Yanasimama, majani yameinuka juu ya maji, shina limevimba. Ukimrusha chura katikati yake atanasa kati ya mashina au ataruka juu ya majani bila kugusa maji, na besi aliye chini hatajua kama kuna mgeni. Tumia nafasi zilizopo: ukingo wa nje, njia zilizokatwa na boti, tundu kati ya pande mbili za magugu, na pale magugu yanapokutana na mafunjo. Kwenye ukingo mnene unaweza kumtumbukizia risasi ndogo mbili tatu za uvuvi kupitia tundu la nyuma, azamishe jani kidogo na atoe mlio.

Tofautisha mafunjo na magugu. Mafunjo yaliyoota ufukweni yako palepale jana na leo, samaki ameyafanya makazi. Kipande cha magugu kilichosukumwa na upepo kinaweza kuwa kimefika asubuhi hii, chini yake pasiwe na kitu. Upepo wa Naivasha huamka mchana, nawe unaujua kuliko mimi. Maji yakiwa bado ya baridi alfajiri, usikate tamaa. Kwa ziwa lililo karibu mita 1,890 juu ya bahari, mimi ningetegemea zaidi saa tatu hadi saa sita, jua likishapasha ukingo na upepo haujaanza.

Na si kila kishindo ni besi. Tilapia hugonga majani kutoka chini akila, na samaki wa kapi, ambaye alionekana ziwani mwaka 2001, huchafua maji kwenye kingo kama mwenye hasira. Besi huacha tundu safi na sauti nzito, na mara nyingi chura anatoweka au anarushwa hewani. Ukisikia vishindo vidogovidogo visivyomgusa chura, hama.

Rangi usiumize kichwa. Samaki anaona tumbo tu, tena dhidi ya mwanga. Mwenye tumbo jeusi kwa maji machafu na majani mazito, mwenye tumbo jeupe kwa mahali wazi. Besi wa Naivasha hula sana kamba wekundu wa Louisiana walioletwa mwaka 1970, hivyo hata hakai pale akisubiri chura. Anarukia chochote chenye uhai kinachopita juu yake.

Mengine unayajua kwa kazi yako, lakini nayataja kwa sababu ya wageni. Zile njia nzuri kwenye magugu nyingine zimefunguliwa na kiboko. Kabla ya kumfuata besi aliyezama, zima injini na utazame pua na mapovu. Samaki mmoja hatoshi kuingiza boti mahali ambapo huwezi kugeuza, na magugu yakifunga nyuma yako utakaa hapo mpaka upepo upende. Furukombe naye akizoea kutupiwa samaki na waongoza watalii, anaweza kumjia chura aliyetulia juu ya maji. Ukimwona anashuka, zungusha haraka umzamishe. Hakikisha leseni ya mgeni na yako zipo sawa na ofisi ya uvuvi kabla ya kutoka.

Mwisho, miwani. Uzi usionyumbuka ukivutwa kwa nguvu na samaki hayupo, chura anarudi moja kwa moja usoni akiwa na ncha mbili zilizonolewa. Mgeni anayerusha asimame mbele ya boti, wewe keti nyuma upande wa pili wa bega lake, na wote wawili mvae miwani, hata ya jua ya bei rahisi.