Re: dnsmasq inagoma kuwaka, inasema poti 53 imeshikwa

Aliyeshika hiyo poti ya DNS karibu kila mara ni systemd-resolved, huduma ya Linux ya kutafuta anwani za majina. Hakikisha kwa `ss -lunp | grep :53`. Ukimwona, fungua /etc/systemd/resolved.conf, weka `DNSStubListener=no`, kisha uiwashe upya systemd-resolved. Usisahau /etc/resolv.conf ielekee 127.0.0.1, la sivyo seva yenyewe itabaki haijui jina lolote.

Kwa mtandao mdogo dnsmasq inatosha kabisa, DHCP (kugawia mashine anwani) na DNS (kugeuza majina kuwa anwani) kwa pamoja. BIND, ile seva kubwa ya DNS, ni kuua mbu kwa nyundo. Kwenye /etc/dnsmasq.conf anza na hivi:

interface=eth0
no-resolv
server=1.1.1.1
dhcp-range=192.168.10.50,192.168.10.150,12h
dhcp-option=option:router,192.168.10.1

Badilisha eth0 (jina la kadi ya mtandao) na anwani zilingane na zako. Seva yenyewe ipe anwani ya kudumu, nje ya hiyo 50 hadi 150. Endesha `dnsmasq --test` kabla ya kuiwasha, inakamata makosa ya tahajia.

Halafu zima DHCP ya ruta! Ruta na dnsmasq zikigawa anwani kwa wakati mmoja, nusu ya mashine zitapata DNS yako na nusu hazitaipata, nawe utalaumu dnsmasq bure. Mimi niliilaumu siku mbili nzima.