Betri Mpya, Stata Nzima, Waya Umeoza kwa Ndani

Kwa karibu miezi mitatu pikapu yangu ilikuwa inanisumbua kila asubuhi. Nikigeuza ufunguo, stata, ile mota ya kuwashia injini, inazunguka kwa kujivuta, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Nikisubiri kidogo nikajaribu tena, inawaka kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Siku nyingine nasikia "tak" moja tu kutoka chini ya injini, basi. Nikanunua betri mpya. Nikapata wiki mbili za raha, halafu ugonjwa ukarudi vilevile. Nikaishusha stata, fundi akaipima mezani, akanirudishia akisema haina kasoro.

Mgonjwa alikuwa ni waya chanya, ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata. Nilikuwa nimeuangalia mara nyingi na kila mara nikaupita, kwa sababu ganda lake lekundu lilikuwa zima, halina ufa wala alama ya kuungua. Pale kwenye kichwa cha betri, kile chuma kinachoufunga waya kwenye nguzo, palikuwa na unga kidogo wa kijani na weupe, nikaupangusa nikaona nimemaliza. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi anahesabu pesa za betri nyingine. Pima waya kwanza.

Kipimo chenyewe kinahitaji mita ya kawaida ya fundi umeme (multimita) na mtu mmoja wa kukusaidia. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, na utoe fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iguse nguzo yenyewe ya betri, ile risasi ya katikati, si kichwa kilichoifunga. Ncha nyeusi iguse bolti ya stata ambapo waya mnene unafungwa. Mwambie mwenzako azungushe stata kwa sekunde chache. Kinachosomeka hapo ni volti zinazopotea njiani kabla ya kufika. Waya mzima hupoteza kama 0.2 hivi, ikifika 0.5, kuna kasoro. Wangu ulisoma 2.1. Betri inaposhuka hadi karibu 10.5 wakati wa kuvuta, maana yake stata ilikuwa inabakiwa na kama volti 8 za kuzungushia injini nzima.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu wengi, na mimi nikiwamo wakati huo, hupima waya kwa omu, yaani ukinzani wake, na kuridhika. Omu hapa inadanganya. Mita hupitisha umeme kidogo sana, kwa hiyo hata zikibaki nyuzi chache za shaba zinazogusana, itasoma karibu na sifuri. Stata huvuta ampea 150, 200, na ya injini ya dizeli huenda mbali zaidi. Kwa ampea 200, ukinzani wa omu 0.01 tu unakula volti 2, na mita nyingi za kawaida haziwezi hata kuuona ukinzani mdogo kiasi hicho. Waya lazima upimwe ukiwa kazini.

Rudia kipimo upande wa hasi pia: nguzo hasi ya betri na bodi ya stata. Ukikuta tatizo liko huko, utakuwa umejiokolea kazi ya kuuondoa waya usio na kosa.

Nilipoutoa ule waya niliupasua kwa kisu. Sentimita kumi za kwanza kutoka kwenye kichwa, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani uliomwagika mkononi, na nyuzi zilizobaki zilikuwa nyeusi, zinakatika kwa kukunjwa na vidole. Mvuke wa asidi ya betri na unyevu huingia pale waya unapoungana na kichwa, kisha hutambaa kati ya nyuzi, chini ya ganda, ambako jicho halifiki. Ndiyo maana sishauri kukata kipande kilichooza na kufunga kile kichwa cha dharura chenye bamba na skurubu mbili. Kinabana nyuzi zikiwa wazi, asidi inapata mlango mpana kuliko wa mwanzo. Kikutoe njiani, kikufikishe nyumbani, kisha badilisha waya wote.

Kabla ya kununua, hesabu matawi. Kwenye pikapu nyingi kichwa chanya hakina waya mmoja. Kuna mnene wa stata, kuna mwembamba zaidi unaokwenda kwenye boksi la fyuzi, na mara nyingine mwingine wa alteneta inayochaji betri. Ukipata waya wa kiwandani uliotengenezwa kwa gari lako, chukua huo, urefu na matawi yake yatakuwa sahihi. Ukitengenezewa, dai shaba tupu. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, nene na za kuvutia, lakini alumini hupitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba. Kwangua ncha kwa kisu, weupe ukitokea usiuchukue. Unene usiwe chini ya ule wa zamani, na uulinganishe kwa shaba ya ndani, si kwa ganda. Macho ya waya, zile pete za ncha zinazovaa bolti, yabanwe kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo, na maungio yavishwe mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani.

Kazi yenyewe ifanye injini ikiwa baridi. Piga picha kila kitu kabla ya kugusa. Vua pete na saa. Kisha legeza kichwa hasi kwanza, ukisogeze mbali kisijirudie chenyewe. Ukianza na chanya, spana yako ikigusa bodi tu umeunganisha betri moja kwa moja, na cheche karibu na betri ni hatari kwa sababu betri hutoa haidrojeni inapochajiwa. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Ukilazimika kuingia chini, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi. Nati ya kwenye stata huwa imeshika kwa kutu, ipulizie mafuta ya kulegeza jioni, uifungue kesho yake. Kama kuna nati ya ndani, ishike kwa spana nyingine, kwa sababu bolti ile ikizunguka inaharibu swichi ya stata na utakuwa umejiongezea kazi. Wakati wa kukaza pia tumia mkono wa kiasi.

Funga kamba kwenye ncha ya waya wa zamani kabla ya kuuvuta, ili kamba ibaki imepita njia ileile. Kisha uvute mpya kwa kamba hiyo. Hapa naomba usiwe na haraka hata kidogo. Kati ya betri na stata, kwenye magari mengi, hakuna fyuzi yoyote. Waya huu ukisuguana na ukingo wa chuma mpaka ganda likatoboka, hakuna kitakachokata umeme. Ganda linaweza kuwaka moto ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo rudisha kila kibanio na kila mpira wa kwenye tundu, usione kimoja hakina maana. Weka waya mbali na ekzosi. Na uuachie ulegevu kidogo upande wa injini, maana injini hucheza kwenye mipira yake inapowashwa, na waya uliovutwa sana hukatika pale pale kwenye jicho.

Nguzo za betri nilizisafisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, nikiangalia yasipenye ndani ya betri, nikazikausha na kuzipitishia msasa. Grisi nilipaka baada ya kukaza. Kichwa kikishakaa, kishike ukitikise. Kisipozunguka hata kidogo kwa nguvu ya mkono, kimeshika.

Nikapima tena kama mwanzo, mita ikasoma 0.15. Nikarudisha fyuzi ya pampu, nikawasha. Sauti ya stata ilikuwa nyingine kabisa, nyepesi na ya haraka, sikuwa nimeisikia tangu nilipolichukua gari hilo. Injini ikiwa inanguruma nikapima kwenye betri nikapata 14.2, nikajua na tawi la chaji linafanya kazi. Kwa kuwa betri ilikuwa imefunguliwa, saa ya redio ilifutika, na mngurumo wa injini ulikuwa wa kupanda na kushuka kwa safari moja hivi, kisha ukatulia. Baada ya wiki mbili nikarudi na spana kukagua nati zote. Ya kichwa chanya ilikubali robo ya mzunguko.